Jasho na Amana

Mtu aingiaye Endabash kutoka Karatu mjini hupokewa na udongo kabla ya kupokewa na watu. Wakati wa kiangazi udongo ule mwekundu huwa vumbi, ukapanda nguo hadi mabegani na kukaa katika nyusi. Masika yakiingia hugeuka tope linalomng'ang'ania mpita njia viatu kana kwamba lamwuliza aendako. Watoto waendao shule wanajua kila korongo huvukwa mahali gani, na mama zao wanajua ni lipi lililosogea tangu mwaka jana na limekula shamba la nani. Katika nyanda hizi za juu habari ya udongo ni habari ya ukoo: nani alilima wapi, nani alimwachia nani, na mvua ilichukua kiasi gani.

Endabash ni kata ya Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha. Jina lake ni ndugu wa majina mengine ya upande huo yaanzayo namna moja: Endamarariek, Endala, na huko mbele Endagikot ya Mbulu na Endasak ya Hanang. Wakazi wake walio wengi ni Wairaqw, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wambulu, watu ambao lugha yao si ya Kibantu bali ni ya Kikushi, jamaa ya mbali ya Kisomali na Kioromo. Kitovu chao ni milima ya Irqwar Da'aw, karibu na mji wa Mbulu, ambako walisifika kwa kilimo cha matuta na samadi katika miteremko mikali. Katika karne ya 20 walienea kaskazini hadi miguuni mwa Ngorongoro. Walikwenda na jembe, na ng'ombe, na slufay, yaani ile dua ndefu ya kishairi ambayo mzee huitoa mbele ya watu akiiombea nchi mvua, mifugo na watoto, huku wasikilizaji wakiitikia. Mpenzi wa tenzi za pwani akiisikia kwa mara ya kwanza hataelewa neno, walakini ataitambua papo hapo sura ya kiongozi na waitikiaji wake.

Uko mto uitwao Endabash, jina moja na kata, ambao hushuka ukuta wa Bonde la Ufa na kumwaga maji yake Ziwa Manyara, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1960. Si mbali na mashamba uko Msitu wa Marang, ambao sasa umo katika mipaka ya hifadhi hiyo. Basi mkulima wa hapa, hata kama hajapata kulitamka neno mazingira, yumo katikati yake: juu yake mlima na msitu wa Ngorongoro uvutao mvua, chini yake ziwa lipokealo kila akiachiliacho. Neno lenyewe limekaa vizuri, kwani mazingira ni yale yamzingirayo mtu, na mtu hawezi kutoka nje ya kilichomzingira. Shamba likilimwa kwa kufuata mteremko badala ya kuukata, udongo wa juu wenye rutuba hushuka na mvua. Shamba hupungua kina, na ziwa nalo hupungua kina kwa sababu ileile.

Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004. Kifungu chake cha 4 kinampa kila akaaye nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu katika umbali wa mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Wazee wa Kiiraqw wasingezishangaa sana mita hizo. Katika imani yao ya kale chemchemi na mito ina wenyewe, roho waitwao neetlangw, nao ni wa kuogopwa. Majini hapakuwa mahali pa kuchezea. Ila sheria ya wazee ilikaa vifuani mwa watu, na hii ya 2004 imekaa kitabuni. Isitoshe, kwa mtu mwenye eka mbili kando ya mto, mita 60 ni sehemu kubwa ya shamba.

Hapo ndipo penye fundo. Anayeambiwa aiache ardhi kwa ajili ya mto atauliza: ardhi hii ni ya nani? Ikiwa si yangu, mwaniomba nini? Na ikiwa ni yangu, mwaichukuaje?

Swali hilo la ardhi ni ya nani lilipata kufikishwa mahakamani, na waliolifikisha ni watu wa nyanda hizo hizo. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay walikuwa wakazi wa kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, ambayo leo iko wilaya moja na Endabash. Siku hizo eneo hilo lote lilikuwa bado Wilaya ya Mbulu. Mwezi wa Januari 1987 baba na mwana walifungua kesi katika Mahakama ya Hakimu Mkazi, Arusha, kudai kipande cha ardhi walichokimiliki kwa mila. Walishinda, na ardhi wakarudishiwa. Aliyeshindwa alikata rufaa Mahakama Kuu, na rufaa ikawa inangoja zamu yake.

Ili kuelewa kilichofuata yapasa kurudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1973 hadi 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu wa Tanzania Bara walihamishwa kutoka katika makazi yaliyotawanyika wakawekwa vijijini. Mashamba ya watu waliokuwapo yaligawiwa waliokuja, na waliokuja nao walikuwa wameacha yao mahali pengine. Hakuna aliyeandika vizuri nani alipoteza nini. Miaka kumi baadaye, wenye mashamba ya asili walianza kwenda mahakamani, na mahakama zikaanza kuwapa haki. Serikali iliingiwa na hofu kwamba vijiji vizima vingesambaratika. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, nayo ikakabidhi ripoti yake mwezi wa Novemba 1992. Wino wa ripoti haujakauka, Bunge likapitisha Sheria Na. 22 ya mwaka 1992, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa, ikakataza kulipwa fidia, ikazinyang'anya mahakama mamlaka ya kusikiliza mashauri hayo, ikakatisha yale yaliyokwisha kufunguliwa, na ikazuia hata hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe. Shauri la baba na mwana wa Kambi ya Simba lilizimwa hivyo, pamoja na ushindi wao.

Kiswahili kina methali kwa hali kama hiyo: mwenye nguvu mpishe. Ni methali ya busara, nayo imewaokoa wengi. Lakini hawa wawili hawakupisha. Walikwenda Mahakama Kuu, Arusha, wakamshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwamba sheria ile inavunja Katiba. Jaji Munuo aliwakubalia, akaamuru sheria iondolewe katika vitabu. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 21 Desemba 1994, Mahakama ya Rufani, wakiwa Jaji Mkuu Francis Nyalali na majaji Makame na Kisanga, ilitoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wa Tanzania huisoma hadi leo.

Hoja ya Serikali ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuibeba: kwamba haki ya kimila si mali. Mwenye kulima kwa mila hana alichonacho ila ruhusa ya kukaa, na ruhusa hainyang'anywi, huondolewa tu. Mahakama iliipima hoja hiyo ikaona mwisho wake. Kama ni hivyo, walisema majaji, basi wakazi walio wengi wa Tanzania Bara ni kama wavamizi katika nchi yao wenyewe. Wakakataa. Walishikilia kwamba haki ya kimila, ingawa ni haki ya kukaa na kutumia tu, ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kuichukua bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Vifungu vilivyofuta haki hizo bila fidia na kufunga milango ya mahakama vikatanguka.

Kilichobaki ni swali la fidia ya nini. Sheria za zamani zilizoea kuhesabu kilicho juu ya ardhi: nyumba, kisima, miti ya kupandwa. Asiyekuwa na nyumba wala mti hakuwa na cha kufidiwa. Majaji walikwenda mbele zaidi. Walikumbuka maandishi ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1958 kuhusu mali ya taifa. Ndani yake Mwalimu alieleza kwamba ardhi ni kipaji cha Mungu, hakuna binadamu awezaye kudai kuwa kaiumba. Lakini mtu akitia nguvu zake na akili yake kukisafisha kipande cha pori ili kimfae, ile kazi aliyoitia ni yake. Mwalimu aliyaandika hayo kupinga ardhi isigeuzwe bidhaa ya kuuzwa kwa watu wachache wenye fedha. Mahakama iliichukua hoja hiyohiyo ikaifanya ngao ya mkulima mbele ya dola: hata pasipo nyumba wala mti, aliyeitia ardhi bidii anastahili fidia ya bidii yake. Kwa neno moja la Kiswahili, jasho. Jasho lililoingia ardhini halikauki likasahaulika. Ni mali ya aliyelitoa.

Mwaka 1987, uleule ambao baba na mwana walifungua shauri lao Arusha, Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo, chini ya Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norway, ilichapisha ripoti iliyoeneza duniani kote yale ambayo Kiswahili kimeyaita maendeleo endelevu: maendeleo yanayokidhi haja za walio hai bila ya kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi zao. Watu wa ripoti ile hawakuwa na habari ya Kambi ya Simba, wala watu wa Kambi ya Simba hawakuwa na habari ya ripoti. Walakini mambo hayo mawili ni pande mbili za jembe moja. Mtu ambaye aweza kuondolewa msimu wowote bila fidia hana sababu ya kujenga kingamaji litakalozuia udongo kwa miaka ishirini, wala kupanda mti atakaouvuna mwingine. Atalima haraka, atavuna haraka, ataondoka. Ukimnyima mkulima jasho lake umeunyima udongo mlinzi wake.

Hukumu ile ilikuwa na neno la pili, nalo watu wa pwani watalifahamu upesi kuliko wanasheria. Serikali ya kikoloni, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, na baada ya uhuru madaraka hayo yakamwangukia Rais. Je, Rais ni mwenye ardhi? Majaji walisema hapana. Anaishika kwa niaba ya wenyeji wake, na mshikaji wa namna hiyo hawezi kujigeuza mfaidi. Kiswahili kina neno kwa hilo: amana. Mwenye kuwekewa amana hulala nayo kwa hofu, kwa kuwa ataulizwa.

Katika visiwa hivi hapahitajiwi maelezo marefu. Mnazi wa wakf huliwa nazi zake, zikauzwa, zikawalisha mayatima au kuuwashia msikiti taa. Mnazi wenyewe hauuzwi wala haukatwi kwa tamaa ya siku moja. Asili hubaki, matunda hutumika, na aliyeuweka wakf amekwisha kufa zamani ilhali wanaonufaika hajawaona. Zanzibar ina chombo cha serikali, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambacho kazi yake imo katika jina lake. Mtu aliyekulia karibu na mnazi wa wakf ameyajua maendeleo endelevu tangu utotoni, isipokuwa hakuambiwa kwamba ndiyo jina lake.

Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilizoanza kutumika mwezi wa Mei 2001. Humo maneno mawili ya hukumu yameingia: ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote, haki ya kimila ina hadhi sawa na haki ya kupewa kwa hati, na anayechukuliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Lakini mtu wa Endabash huota ndoto kwa Kiiraqw, huuza mahindi na mbaazi kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi sheria za kumwondoa au kumlinda ziliandikwa kwa Kiingereza. Hukumu iliyolitukuza jasho lake nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Katiba ilikuwa kwa Kiswahili tangu 1977, ila ngazi zote kati ya Katiba na shamba zilikuwa kwa lugha ya tatu. Ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kuzifasiri sheria za miaka mingi si ndogo, na mfasiri akikosea neno moja mtu aweza kupoteza konde lake.

Katiba yenyewe, pamoja na kuandikwa kwa lugha inayoeleweka, haina ibara isemayo kwa maneno hayo kwamba raia ana haki ya mazingira safi. Ina ibara ya 14, inayompa kila mtu haki ya kuishi na kuhifadhiwa maisha yake, na ibara ya 27, inayomwajibisha kila mtu kulinda mali asilia. Hati ya haki iliingizwa mwaka 1984, na raia wakaruhusiwa kwenda nayo mahakamani kuanzia Machi 1988. Mwaka huohuo watu wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji lao kwa kumwaga taka katikati ya makazi na kuzichoma, moshi ukawaingia vifuani. Jiji liliamriwa liache, nalo likarudi mahakamani kuomba muda, na muda mwingine tena. Jaji Lugakingira alikataa: kuwachafulia watu hewa wanayoipumua, alisema, ni kuigusa haki yao ya kuishi. Hivyo haki ambayo Katiba haikuitaja ilipatikana ndani ya ile iliyoitaja.

Ushindi wa Tabata ulikuwa na mkia. Taka hazikuyeyuka; magari yalibadili njia yakaenda kuzimwaga Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko, Festo Balegele na wenzake, nao wakaingia mahakamani. Walishinda vilevile. Funzo lake ni chungu kidogo: haki ikidaiwa na kila mtaa peke yake, uchafu hufanya safari tu.

Ng'ambo ya mpaka, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliiandika haki hiyo waziwazi katika ibara ya 42, na watu wa Lamu wakaitumia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba ujenzi wa bandari mpya uliwakosea wavuvi wapatao 4,600 na kuwaamulia fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Mwaka uliofuata baraza la rufaa za mazingira lilifuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tanzania ilikaribia kuiandika haki hiyo: Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ilikuwa nayo, ila kura ya maoni iliyopangwa kufanywa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na Katiba ya 1977 ikabaki.

Sasa turudi Karatu, kwani upande wa pili wa msitu iko kadhia iliyo nzito kuliko zote. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa kwa sheria mwaka 1959, likiwa jaribio la kuwaacha watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku humo. Mwaka 1992 kikaruhusiwa kwa muda kwa sababu ya njaa. Baadaye kikakatazwa tena. Mwaka 1979 eneo hilo liliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu Juni 2022 kaya nyingi za Wamasai zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema wanahama kwa hiari, na kwamba mlima umeelemewa na wingi wa watu na mifugo. Wengi wa wakazi wamelalamika kwamba hiari hiyo imetanguliwa na kufifishwa kwa huduma. Jirani yake, Loliondo, mgogoro wa kilometa za mraba 1,500 ulifika Mahakama ya Afrika Mashariki: mwaka 2022 wanavijiji walishindwa, na Novemba 2023 kitengo cha rufani kikaamuru shauri lisikilizwe upya.

Mtu mwadilifu hawezi kusema kwamba mlima hauna haja ya kulindwa. Msitu wa Ngorongoro ukikauka, visima vya Karatu vitakauka. Lakini hukumu ya 1994 imekwisha kusema jambo ambalo halitegemei ukubwa wa sababu: hata pale ambapo dola ina sababu njema ya kuichukua ardhi, haina ruhusa ya kumhesabu aliyeishi juu yake kuwa hakuwapo. Na jasho la mfugaji, ambaye halimi wala hapandi, ni gumu zaidi kuonekana. Liko katika njia za ng'ombe, katika visima alivyochimba, katika malisho aliyoyapumzisha ili yarudi. Mahakama iliyoliona jasho la mlimaji bado ina kazi ya kuliona la mchungaji.

Wala mkulima naye asijidanganye. Jasho si kibali cha kila kitu. Anayelima hadi kwenye ukingo wa mto, au anayelipeleka trekta moja kwa moja kushuka mteremko kwa kuwa ndiyo njia fupi, anatoka jasho vilevile, na jasho hilo linaipeleka amana ya wajukuu wake Ziwa Manyara. Ibara ya 24 na ya 27 zimo katika kitabu kimoja, hazikutenganishwa ila kwa kurasa. Anayeishika ya kwanza akaiacha ya pili amebomoa kile alichokwenda mahakamani kukidai.

Tembo huvuka mipaka pasi na kusoma kitabu chochote. Vijiji vinavyopakana na hifadhi huwajua: usiku mmoja watosha kumaliza mahindi ya miezi mitano. Kwa hasara hiyo ziko kanuni za mwaka 2011, na malipo yake yana majina ambayo mshairi angeyaonea wivu: kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Hulipwa kwa kipimo cha eka na umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi. Kanuni hazikuita malipo hayo fidia, na mwenye sikio la lugha ataisikia tofauti. Fidia hulipwa kwa kuwa kitu ni chako. Kifuta jasho hutolewa kwa huruma: jasho limetoka, chukua kitambaa ujipanguse. Neno lilelile ambalo hukumu ya 1994 ililipa cheo cha mali, hapa limerudishwa kuwa maji ya mwilini. Kama tembo ni mali ya taifa zima, na kama hifadhi huliletea taifa fedha za wageni, basi anayewalisha tembo hao kwa mahindi yake bila ya kuulizwa anachangia hazina ya taifa, na mchangiaji hastahili kupewa kitambaa tu.

Kando ya makorongo ya Karatu watu hupanda migrevilea, miti ya kigeni iliyozoea nchi hii. Mgrevilea huhitaji miaka kadhaa kabla haujafaa kwa mbao, na mizizi yake huhitaji miaka kabla haijashika ukingo wa korongo. Anayeupanda leo anaweka rehani miaka yake, kwa imani kwamba shamba litakuwa lake bado, au la mwanawe, mti utakapokuwa mkubwa. Imani hiyo haitoki katika semina wala katika mabango ya barabarani. Imetoka, kwa sehemu, kwa baba na mwana wa Kambi ya Simba waliokataa kupisha, na kwa majaji watatu waliosoma maandishi ya 1958 wakaona ndani yake mtu anayelima.

Mvua za kwanza zikinyesha Endabash, maji mekundu hushuka makorongoni yakielekea ziwani. Penye kingamaji na miti hupunguza mwendo, yakaacha udongo nyuma yake, kidogo kidogo, upande wa juu. Asubuhi mwenye shamba huenda kuuangalia. Huukanyaga kwa mguu mtupu aone umeshika kiasi gani, kisha hurudi nyumbani kuchukua jembe.